Weka Darubini Katikati

2 Machi

Daftari hili amelinunua mume wangu. Aliniwekea mezani na kalamu juu yake, akasema, "Mwenzangu, hofu zako ziandike humu. Masikio yangu yamejaa." Alikuwa anatania, lakini si sana. Yeye ni fundi wa kuchomelea vyuma na kitu pekee kinachomtisha ni umeme kukatika. Mimi nimeumbwa vingine. Nikisikia hodi nawaza msiba, simu ikilia nawaza msiba mkubwa zaidi.

Basi niandike. Mwaka huu naogopa maji, naogopa mtihani, na namwogopa baba mkwe.

Maji, kwa sababu nyumba yetu iko chini ya tuta la bwawa. Nikiosha vyombo naliona dirishani, limeota nyasi kama kilima cha kawaida, na watoto wa mtaa wanateleza juu yake kwa maboksi. Mimi najua kwamba upande wa pili wa nyasi zile maji yako juu kuliko jiko langu. Mtihani, kwa sababu nimekuwa mchora ramani katika idara ya maji hadi kiti kimeshika umbo langu, na mwezi wa tano nikifaulu nitakuwa mpimaji kamili. Na baba mkwe kwa sababu ndiye anayenifundisha. Alikuwa mpimaji wa idara hiyohiyo mpaka alipostaafu akaja kuishi nasi, chumba cha mbele. Tuta lile alilipima yeye.

Mvua imeanza leo.

3 Machi

Mvua.

6 Machi

Somo la kwanza. Baba alivaa shati la kazini kabisa, na mimi nikakaa kama niko mbele ya hakimu.

"Sheria ya kwanza ya kupima vimo," alisema. "Weka darubini katikati. Ya pili?"

"Sijui, Baba."

"Ya pili, weka darubini katikati. Una vigingi viwili, simama kati yao. Umbali wa huku uwe sawa na umbali wa kule. Ukifanya hivyo hutakosea maisha yako yote."

Nikauliza kwa nini. Alinitazama kama kwamba nimeuliza kwa nini supu inanywewa kwa kijiko. "Kwa sababu ndivyo inavyofanywa, mkwe wangu."

Kitabu cha mtihani kina sura nzima juu ya jambo hilo. Kinasema dunia imepinda, macho ya darubini hayapindi, na ukisimama katikati kosa la huku na kosa la kule yanafutana. Nilipomwonyesha sura hiyo alikifunga kitabu kwa kidole kimoja.

"Mpindo wa dunia ni wa vitabuni. Miaka yote niliyopima, dunia haijawahi kunipinda."

Binti yangu alicheka sana. Tunamwita Kisebusebu, maana kila kitu hukikataa kwanza, kisha hulia kwa nini hakupewa. Babu yake akampigia saluti. Mimi sikuthubutu kucheka.

9 Machi

Mvua. Nguo hazikauki, nyumba nzima inanuka soksi. Nimeota maji tena.

12 Machi

Kila siku asubuhi, kabla sijamaliza hata kufungua madirisha ya ofisi, simu inalia. Ni Bwana Kipimo. Hatujawahi kuonana. Yeye anakaa ng'ambo ya bwawa, kwenye ukuta wa zege na milango ya kutolea maji, na kazi yake ni kusoma kipimo kilichosimikwa kwenye maji kule. Namjua kwa sauti na kikohozi tu.

"Dada, hujambo? Mwambie mkuu, kufika alama nyekundu imebaki mita moja na nusu."

Naweka nukta kwenye chati ya ukutani. Alama nyekundu ni mstari uliopakwa rangi kwenye kipimo, sentimita ishirini chini ya kimo cha tuta letu. Maji yakiufikia, kengele inalia na milango inafunguliwa. Kabla ya hapo haifunguliwi, kwa sababu chini ya milango kuna mashamba ya watu.

Sijui kwa nini walinipa kazi hii mimi. Labda waliona hakuna mwingine anayesikiliza kwa makini kiasi hiki.

17 Machi

Imebaki mita moja na kidogo.

Usiku wa leo wakati wa kula Baba alisimulia kisa cha kupima tuta. Tumekisikia mpaka tunaweza kumsaidia kukisema. Nguzo ya alama ya msingi, ambayo vimo vyote huanzia hapo, iko ng'ambo. Tuta lilikuwa la kujengwa huku. Kati ya nguzo na tuta ni kilomita mbili za maji, maana ukuta wa ng'ambo ulikuwa umeshaanza kuyazuia, na wakati ule kandokando yote ilikuwa matope, barabara ya kuzunguka haijachimbwa. Serikali inataka tuta kabla ya mvua. Basi Baba akasimamisha darubini huku, akampeleka msaidizi kule kwa mtumbwi, na fimbo ya kupimia na ubao mwekundu wenye mstari mweupe, maana kwa umbali ule huwezi kusoma tarakimu. Msaidizi anapandisha na kushusha ubao kwenye fimbo, Baba anapunga bendera, juu, chini, msaidizi anajibu kwa yake, mpaka mstari ukae sawasawa kwenye jicho la darubini.

"Sasa mjinga yule akateleza!" Hapo ndipo sote hucheka. "Kaanguka chali na bendera yake, miguu juu. Mimi huku naona bendera imelala, najiuliza, hii ishara ya kulala ina maana gani?"

Mume wangu alicheka mpaka akakohoa. Mimi pia nilicheka. Baba akisimulia kisa hiki anakuwa kijana, na nafikiri hofu yangu kwake imepungua kidogo.

18 Machi

Mvua.

19 Machi

Mvua, na umeme umekatika. Mume wangu naye ameonja.

21 Machi

Nimeelewa! Niliandika pembeni ya kitabu kwa herufi kubwa na sasa naandika tena hapa. Nimeelewa.

Chora duara, hiyo ni dunia. Simama juu yake. Kutoka machoni pako vuta mstari ulionyooka kwenda mbele. Mstari haupindi, lakini ardhi inapinda chini yake, kwa hiyo kadiri unavyokwenda mbali mstari unazidi kuiacha ardhi. Nafasi hiyo ndiyo h. Sasa vuta mistari miwili kutoka kitovu cha dunia, mmoja mpaka miguuni pako, mwingine mpaka mwisho wa ule mstari wa macho. Umepata pembetatu yenye kona mraba, ileile ya shuleni. Upande mmoja ni R, nusu kipenyo cha dunia. Wa pili ni d, umbali unaotazama. Ule mrefu ni R na h pamoja. Mraba wa ule mrefu ni jumla ya miraba ya hizo mbili. Fungua mabano, R mraba zinafutana, unabaki na d mraba ni sawa na 2Rh ongeza h mraba.

Hapo kitabu kinasema: h mraba ni ndogo mno, itupe. Mimi si mtu wa kutupa kitu hivihivi, hata chupa tupu naziweka. Nikaikokotoa. Kweli ni ndogo mno. Nikaitupa shingo upande.

Basi h ni d mraba gawanya kwa mara mbili ya R. Kwa kilomita moja, sentimita nane kasoro. Kwa kilomita mbili nilidhani kumi na sita. Hapana! Ni mraba, kwa hiyo ni mara nne, thelathini na moja. Hewa nayo inaupinda mwanga kidogo na kurudisha kama moja ya saba, zinabaki ishirini na saba. Na ukiweka darubini katikati, h ya huku ni sawa na h ya kule, ukitoa moja kwenye nyingine haibaki kitu. Kumbe ndiyo maana!

Nilimkumbatia Kisebusebu akakataa, halafu akadai nimkumbatie tena. Leo sikuogopa kitu chochote mpaka jioni.

22 Machi

Nilikuwa naosha vyombo. Tuta lilikuwa dirishani kama kawaida. Kilomita mbili, nikawaza. Kilomita mbili na darubini haikuwa katikati.

Nimevunja bilauri. Nimewaambia imeniteleza.

23 Machi

Nimerudia hesabu mara nyingi kiasi kwamba karatasi imetoboka nilipokuwa nafuta. Naiandika hapa taratibu, nikitumaini mkono utagundua kosa ambalo akili haikuliona.

Darubini ya Baba ilikuwa huku, nguzo ilikuwa kule. Kufika kule mstari wa macho ulikuwa umeshaacha mgongo wa dunia kwa sentimita ishirini na saba. Msaidizi akausoma ubao, tarakimu ikawa kubwa kupita kiasi. Kwa tarakimu hiyo Baba akaamini darubini yake iko juu kuliko ilivyokuwa. Kisha akapima kutoka kwenye darubini kushuka mpaka kimo cha tuta, akapiga vigingi. Ni kama mtu anayejidhani mrefu kuliko alivyo, anapigilia rafu usawa wa kidevu chake, halafu anamwambia mkewe rafu iko juu sana. Haiko juu. Tuta letu liko chini ya kimo kilichoandikwa kwa shubiri moja na vidole viwili.

Na alama nyekundu iko ng'ambo, karibu na nguzo, imepimwa sawasawa. Iko sentimita ishirini chini ya kimo kilichoandikwa. Tuta liko ishirini na saba chini ya kimo hichohicho.

Maji yatapita juu ya tuta kabla kengele haijalia.

Maandishi yangu sasa ni kama ya Kisebusebu.

24 Machi

Imebaki sentimita themanini. Mvua haikukatika.

25 Machi

Sijasema. Nimweleze nani? Baba alinipitishia chumvi mezani akasema, "Mkwe wangu, unakonda. Mtihani usikuue."

27 Machi

Nimekwenda kwa mhandisi mkuu. Nilisimama mlangoni mpaka akaniuliza kama nimepotea. Nikamwekea karatasi mezani. Ni mtu mwema, sitaki kumsema vibaya, aliisoma yote.

"Ishirini na saba," alisema. "Kwa bwawa lote hilo. Dada, hiyo si ni ya kutupa?"

"Alama nyekundu iko juu ya tuta, mkuu. Kwa sentimita saba."

"Kwa karatasi hii." Alivua miwani. "Unajua aliyenifundisha kazi ni nani? Mkweo. Alikuwa ananipiga vidole kwa penseli nikisahau kuweka darubini katikati. Leo niende kwa wakulima niwaambie tunafungua milango, mazao yenu yaende na maji, kwa sababu mchora ramani anayejiandaa kwa mtihani amepata hesabu? Umemwuliza mzee mwenyewe?"

Nilianza kuikunja karatasi.

"Mwulize kwanza. Na usiwatie watu tumbo joto mtaani, tafadhali."

Nilitoka na karatasi yangu.

28 Machi

Imebaki sitini na tano. Bwana Kipimo anasema kule maji yametulia kama chai kikombeni na hakuna wasiwasi. "Lala usingizi, dada," alisema.

30 Machi

Nilipanda juu ya tuta baada ya kazi, kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze. Nilitaka kujua kama macho ya kawaida yanaona chochote. Hayaoni. Maji ni bapa kama meza, yanaenda mpaka kule ambako ukuta wa zege ni mstari mwembamba wa kijivu. Nikageuka nikaona bati la nyumba yetu, chini ya viatu vyangu, na Kisebusebu uani anarusha mpira. Nikashuka kwa makalio kama wale watoto wa maboksi. Jirani mmoja aliniona akacheka. Ningekuwa na nguvu ningecheka naye.

2 Aprili

Imebaki arobaini na nane. Leo nilipiga moyo konde.

Nilingoja Baba amalize kusafisha darubini yake, ile ya zamani aliyopewa zawadi siku ya kustaafu. Kila Jumapili huitoa chini ya kitanda, huipangusa na kuirudisha.

"Baba, siku ile ya tuta, ulifanya nini kuhusu mpindo?"

"Mpindo gani?"

Nilimweleza. Nilijitahidi kusema kama mwanafunzi anayeuliza, si kama mtu anayehukumu, lakini nilipofika kwenye ishirini na saba akaelewa.

"Unasema nilikosea."

"Nasema darubini haikuwa katikati, Baba."

"Ningeiweka wapi? Juu ya maji? Ningesimama juu ya maji mimi?" Alisimama. Sijawahi kumwona ana hasira kama ile, sauti haikupanda hata kidogo. "Tuta lile limekaa miaka yote hiyo. Mume wako amekulia chini yake. Wewe umeolewa chini yake. Leo umesoma sura moja ya kitabu unaniambia dunia imenidanganya?"

"Maji hayajawahi kufika juu hivi, Baba. Ndiyo maana kosa halijajulikana."

"Somo limekwisha," alisema. "Tafuta mwalimu mwingine."

Mume wangu alikuwa mlangoni, kasikia yote. Sikujua atasimama upande gani, na yeye pia, naona, hakujua. Alichukua bisibisi akatoka nje kutengeneza kitu ambacho hakijaharibika.

3 Aprili

Haongei nami. Chakula chake anakula chumbani.

4 Aprili

Mvua. Arobaini na mbili.

Mume wangu aliniuliza jioni, "Una uhakika?" Nikasema ndiyo. "Kama unavyokuwa na uhakika kila simu ikilia?" Hakuwa anatania. Nilijiuliza swali hilohilo kabla yake. Nimeogopa vitu vingi maishani ambavyo havikuja, sasa hiki kimoja kina hesabu na bado hakuna tofauti usoni kwangu.

7 Aprili

Thelathini na tatu. Mvua kubwa. Tukitoa saba, kwetu ni ishirini na sita. Naona kwenye chati nukta zinapanda, na kila moja naiweka kwa mkono wangu.

8 Aprili

Nimerudi kutoka kazini nimekuta kitanda cha Kisebusebu hakipo. Chumba chake ndicho cha nyuma, ukuta wake unatazama tuta. Nilikuta kimehamishiwa chumba cha mbele, kimebanwa kando ya kitanda cha Baba, na midoli yake imepangwa dirishani.

"Baba, kitanda hiki?"

Hakunitazama. "Chumba kile kina unyevu."

Kisebusebu alikuwa ameshakataa kulala huko na sasa alikuwa anakataa kutoka.

Nilikwenda jikoni nikalia kimya, maji ya bomba yakiwa wazi. Nililia kwa hofu, kwa sababu sasa tuko wawili tunaoogopa, na mmoja wetu haogopi ovyo.

10 Aprili

Kumekucha kweupe, mbingu imeoshwa. Nilipotoka chumbani, Baba alikuwa sebuleni amevaa buti na koti la mpira, darubini ndani ya sanduku miguuni pake.

"Kuna njia ya kumaliza ubishi," alisema, kwa ukuta, si kwangu. "Nilipima nikiwa huku. Leo nitapima nikiwa kule. Kama dunia haina neno, tarakimu zitalingana."

Barabara ya kuzunguka ipo siku hizi. Mume wangu alimpeleka kwa gari lake la kubebea vyuma. Mimi nilibaki juu ya tuta na fimbo ya kupimia na ubao mwekundu. Upande wa kushoto maji, yamefika mahali ambapo nyasi huanza. Upande wa kulia bati letu. Nilisimama katikati nikijihesabia pumzi, na upepo kidogo ulitosha kunifanya nishike fimbo kama mtu anayezama.

Zamani ni bendera, leo ni simu. Ililia.

"Darubini iko tayari," alisema Baba. Nyuma yake nilisikia kikohozi ninachokijua. "Nimeshapima juu ya nguzo. Kama tuta liko sawa, mstari wako utakaa kwenye mita moja na sitini. Uweke hapo."

Niliuweka hapo.

Kisha: "Juu."

Nilipandisha kidogo.

"Juu."

Nikapandisha.

"Juu. Juu tena." Sauti ilikuwa ya kazini. Kila alipolitamka neno hilo, tuta lilikuwa linazama chini ya miguu yangu ingawa halikusogea. "Juu." Nikanyoosha mikono. "Juu, mkwe wangu. Bado." Ubao ulishapita kichwa changu. "Chini kidogo. Hapo. Hapohapo. Soma."

"Mbili na kumi na nne, Baba."

Nilisikia penseli ikikwaruza karatasi.

"Hamsini na nne," alisema mwishowe. "Umesema ishirini na saba. Ni mara mbili."

"Nusu ni ya tuta, Baba. Nusu nyingine ni ya leo, macho yako yameiacha dunia tena kutoka kule. Ukisimama huku, wa kule anaonekana yuko chini. Ukienda kule, wa huku ndiye anaonekana yuko chini."

"Na ukweli?"

"Uko katikati."

Nilimsikia akivuta pumzi. "Kumbe," alisema. Halafu akasema kwa mtu mwingine, labda kwa Bwana Kipimo, labda kwa mwanawe, "Nishikie darubini hii."

Mchana huohuo walinipitia, tukaenda ofisini bila hata kubadilisha viatu. Mhandisi mkuu alipomwona Baba alisimama na kumsogezea kiti. Baba hakukaa.

"Nimekuja kusema nilikosea," alisema. "Tuta liko chini. Hesabu ya huyu binti ni sahihi, nimeipima mwenyewe. Fungua milango."

Matope ya buti zake yalibaki kwenye zulia. Mhandisi alitazama matope, akanitazama mimi, akachukua simu.

11 Aprili

Milango haiwezi kufunguliwa mara moja. Wakulima lazima watolewe kwanza, na mifugo, na mashine za maji. Siku mbili, labda tatu. Imebaki ishirini na tatu kwa alama nyekundu. Kwetu, kumi na sita. Mvua imerudi.

Mtaa mzima unajaza viroba mchanga. Yule jirani aliyenicheka amefunga mgongo kwa kanga ya mkewe na anabeba viwili viwili. Baba anapita juu ya tuta akipiga vigingi, akionyesha safu ya viroba ifike wapi. Watu wanamwuliza, "Mzee, kwani tuta lina nini?" Anawajibu wote jibu moja, bila kuinamisha macho. "Nililipima vibaya."

Alilisema mara nyingi sana leo. Nilitamani nimzibe mdomo.

12 Aprili

Viroba. Mvua. Kisebusebu kapelekwa kwa dada yangu, mtaa wa juu. Alikataa. Safari hii hakuna aliyengoja abadili nia.

13 Aprili

Asubuhi nilipokea simu nikiwa juu ya tuta, nimelowa mpaka mifupa. Mkuu alishaagiza Bwana Kipimo anipigie popote nilipo.

"Dada, bado vidole viwili kufika alama nyekundu," alisema. "Kengele haijalia. Milango wanaifungua saa hii, nasikia minyororo."

Nilitazama miguuni. Maji yalikuwa yameshafika juu ya tuta. Nyasi za kileleni zilikuwa chini yake, zinayumba polepole. Yalikuwa yameegemea viroba, kimo cha kidole kimoja au viwili, na mahali pawili yalikuwa yanapenya kwa uzi mwembamba na kushuka kuelekea kwetu.

"Dada? Umenisikia? Kengele haijalia."

"Nimekusikia," nilisema, nikaitia simu mfukoni.

Tuliziba pale palipopenya. Mume wangu alilala juu ya kiroba kwa tumbo lake zima mpaka kingine kikafika. Hakuna aliyepiga kelele. Nilikuwa nikidhani siku hofu yangu itakapotimia nitapiga kelele, kumbe mtu unakuwa na kazi nyingi.

Kabla ya adhuhuri maji yaliacha kupanda. Tulikaa tukiyatazama kama watu wanaotazama mgonjwa analala au anakufa. Jioni ncha za nyasi zilitokea.

14 Aprili

Yamepungua kiganja kizima. Nimelala mchana kutwa.

16 Aprili

Jua. Kisebusebu amerudi na amekataa kukipeleka kitanda chake chumba cha nyuma. Hatukumlazimisha.

Alasiri nilimkuta Baba juu ya tuta, amechuchumaa mbele ya viroba. Alama ya maji ilikuwa bado imebaki juu yake, mstari wa tope. Alikuwa ameweka mkono wake wazi pale, kutoka kilele cha tuta mpaka kwenye mstari, anapima kwa vidole. Alirudia mara tatu. Hakuniona, nikashuka taratibu.

Baada ya kula hakwenda chumbani. Alivuta kiti mezani, mahali ninapokaa mimi wakati wa somo. Kile cha mwalimu alikiacha wazi. Kitabu alikifungua mwenyewe kwenye sura ileile, akavaa miwani, akaweka kidole kwenye pembetatu.

"Umbali nimeuelewa," alisema. "Nusu kipenyo nimeielewa. Lakini hapa, mkwe wangu. Kwa nini mraba?"

Nilikaa kwenye kiti cha mwalimu na kuchukua penseli. Nilichora duara, na niliogopa sana kukosea.